Waya Mmoja kwa Pini Mbili

Lile ziwa silipendi na sikuwahi kulipenda. Hata kuliita ziwa ni kulitia chumvi. Ni bwawa tu, maji ya mto yaliyozuiwa na ukuta tangu enzi za Wabelgiji, huko nyuma ya mashamba ya mahindi ya Annexe, pembezoni mwa mji, na pande zote limezungukwa na mikaratusi mirefu inayozuia kila pumzi ya upepo. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika, joto la pale linakukaba koo. Na ni hapo, kati ya mahali pote duniani, mume wangu Alexis alipoamua kuwa baharia.

Alikuwa fundi wa injini. Wenye boti, watu wa kuja Jumapili na nyama ya kuchoma, walimwita kila mashine zao zilipokohoa. Mmoja wao aliporudi Ulaya kabisa alimwachia boti ndogo ya tanga, ina mlingoti mmoja na kibanda ambacho mbuzi wawili wasingeenea. Hapa mtaani kwetu, Bel-Air, watu walicheka mpaka wakachoka. Mimi mwenyewe nilimwambia ameniolea mke mwenza wa plastiki. Yeye alicheka pamoja nasi, kisha Jumamosi ikifika anapanda pikipiki na kwenda kuisugua.

Alichotaka ni kitu kimoja: kwenda kwa tanga mpaka ukuta wa bwawa, upande wa pili, na kurudi, bila injini. Matanga aliyorithi yalikuwa mazito kama mablanketi. Kwa upepo wa pale yalining'inia tu, boti ikasimama katikati ya maji, na yeye akakaa humo akijifanya anaangalia mandhari mpaka mtu mwenye mtumbwi amwonee huruma. Ndipo akaona kwenye simu yake lile tanga la upepo mwepesi.

Alinieleza juu ya meza ya jikoni, kwa kitambaa cha kufutia vyombo na mwiko. Ni tanga kubwa, jembamba, la kitambaa chepesi kama cha mwavuli, na linawekwa mbele kabisa, kwenye bomba lililotokeza nje ya pua ya boti. Ukingo wake wa mbele una kamba ngumu ndani yake. Chini ya kamba hiyo kuna ngoma ndogo inayozungushwa kwa kuvuta uzi; juu, karibu na ncha ya mlingoti, kuna émerillon, chuma cha vipande viwili, cha juu kimetulia na cha chini kinazunguka. Ukivuta uzi, ngoma inazunguka, kamba inazunguka, na tanga lote linajiviringisha juu yake mpaka libaki kama mkeka uliokunjwa. Alizungusha mwiko, na kitambaa kikauzunguka mwiko. Akaniambia, na hili nalikumbuka kuliko mambo yote aliyoniambia katika ndoa yetu, kwamba tanga kubwa namna ile bila njia ya kulifunga ni adui ndani ya boti. Upepo ukikasirika, unavuta uzi, linajifunga, basi. Kama halijifungi, umekwisha.

Mimi nashona bashi. Nina mashine yangu kubwa ya mguu, na kibanda kando ya barabara huko Kampemba, na ninashona turubai za malori na zile za kutandwa uani watu wakiwa na kilio. Kitambaa cha naironi tulikipata kwa muuza mahema, cha zambarau, na kipande cha manjano pale zambarau ilipoishia. Nililishona tanga lile kwa hasira zangu zote, maana kitambaa chepesi kinateleza chini ya sindano kama samaki, lakini nililishona vizuri. Mshono wangu haufumuki. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu baadaye ningetamani ungefumuka.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Alexis alikuwa ametia kamba ya kawaida ukingoni. Alivuta uzi, ngoma ikazunguka, tanga likajifunga chini vizuri kabisa, lakini juu likabaki wazi, limetuna kama tumbo la mlevi. Kamba ilikuwa inajisokota chini bila kuupeleka ule mzunguko juu. Alikuja nyumbani amenuna. Aliyemtoa kwenye kununa huko ni baba yake.

Baba mkwe wangu, Papa Godefroid, aliishi nasi. Baba yake yeye alikuja Katanga ya kusini kutoka Kabalo akiwa mtu wa reli, lakini Papa Godefroid alikwenda mgodini, na maisha yake yote ya kazi yalikuwa kwenye puits, lile shimo refu ambamo watu wanashushwa ndani ya kizimba cha chuma kwa kebo. Kazi yake ilikuwa kuangalia kila kitu kilichoning'inia juu ya vichwa vya watu. Kebo alizijua kama mimi ninavyojua nyuzi. Alikwenda kwa rafiki zake wa zamani, akarudi na kebo nyembamba iliyosukwa kwa namna ambayo ukiipinda ncha moja, ncha ya pili inageuka papo hapo. Niliitia mimi ukingoni, mchana kutwa, na ilipojaribiwa ziwani tanga lilijifunga chini mpaka juu bila mkunjo hata mmoja. Alexis alimkumbatia baba yake mbele ya watu, jambo ambalo kwetu wanaume hawalifanyi ovyo. Mzee alimsukuma, lakini polepole.

Sasa lazima niseme kuhusu waya, au hakuna kitakachoeleweka.

Watu wa puits wana sheria yao: hakuna kitu kinachoning'inia juu ya mtu bila kufungwa waya. Pini ikiingia kwenye tundu, hata ikikazwa kwa spana, inafungwa waya, kwa sababu pini iliyolegea ikianguka kutoka juu ya shimo inamkuta mtu chini na kumpasua. Na kama pini mbili zimekaribiana, zinafungwa kwa waya mmoja unaopita zote mbili, ili moja ikitaka kutoka, nyingine iishike. Papa Godefroid alikuwa ameistaafu kazi lakini si ile sheria. Nyumbani kwetu alifunga waya taa, alifunga waya rafu iliyo juu ya sufuria, alifunga hata msalaba wa juu ya mlango, kana kwamba Bwana Yesu naye angetukimbia. Na alipofunga, alitamka kwa sauti ya chini jina la mtu atakayepita chini ya kile kitu. Walifanya hivyo kazini, timu nzima: unafunga pini, unataja jina la anayeshuka. Haikuwa sala hasa, ingawa na sala ilikuwamo. Ilikuwa njia ya kuukumbusha mkono kwamba huko chini kuna mtu. Aliponifungia rafu, alitaja langu, nami nikacheka.

Ile Jumapili tulitoka misani, tukaenda ziwani sote: mimi, Alexis, mzee, na Paulin mdogo wake Alexis, ambaye anauza simu mjini na hata kuogelea hajui vizuri. Binti yetu Tracy tulimwacha kwa jirani. Nilikuwa nimelipeleka tanga nyumbani wiki hiyo ili nilishone upya pembe moja iliyoanza kuchanika, kwa hiyo safari hii halikupandishwa likiwa limeviringishwa kama kawaida. Lilipandishwa likiwa wazi. Hewa ilikuwa imekufa kabisa, hata majani ya mikaratusi yalikuwa yametulia, na Alexis alisema haina shida, litajiviringisha baadaye.

Alikuwa mbele, amepiga magoti kwenye pua ya boti, anafunga ngoma. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kigati na kile émerillon mapajani, anaunganisha kamba ya kupandishia tanga, kazi ambayo awali Alexis aliifanya mwenyewe. Paulin alikuwa amesimama nyuma yake na chupa ya soda. Nilimwona mzee akitoa koleo na kipande cha waya mfukoni. Nilimwona akiinamia kile chuma karibu sana, maana macho yake yameanza kuwa na ukungu, na midomo yake ikicheza. Alexis akauliza bila kugeuka.

“Papa, unaisha?”

“Ngoja. Kintu yenye itapita juu ya kichwa yako, hatufanye mbio.”

Akamaliza, akapiga kile chuma kwa koleo mara moja kama alivyokuwa akifanya siku zote, na Alexis akalivuta tanga juu. Lilipanda jepesi, zambarau na manjano, likaning'inia. Alikuwa aende peke yake. Wakati kamba za gatini zinafunguliwa, Paulin akaruka ndani na soda yake, akidai naye anataka kuona huo ukuta. Baba yake alimkemea ashuke. Hakushuka.

Na boti ikaenda. Nitakuwa mwongo nikikataa kwamba ilikuwa nzuri. Kulikuwa na hewa ambayo isingezima kibiriti, lakini tanga lile liliinywa, likajaa, na boti ikaanza kutambaa juu ya maji bila kelele yoyote. Alexis alisimama akanipungia mikono yote miwili. Akapaza sauti kwamba inatembea, kama mtu ambaye hajawahi kuamini yeye mwenyewe. Papa Godefroid alivua kofia. Nilijikuta ninalia kidogo na nikajikasirikia, kwa sababu nilikuwa nimeapa kutoipenda ile boti.

Walifika ukutani. Nataka watu wajue hilo. Mume wangu alifika alikotaka kufika, akageuza boti, na akaanza kurudi.

Wingu lilitoka nyuma ya mikaratusi, jeusi, kwa haraka, kama yanavyotoka yote ya mwisho wa mwezi wa kumi. Kwanza tulisikia miti ya ng'ambo ikivuma. Kisha maji yakabadilika rangi, na ile rangi ikawa inakuja kwetu mbio. Alexis aliona. Nilimwona akiacha usukani kwa Paulin na kushika uzi wa ngoma, akauvuta kwa mikono miwili, harakaharaka. Tanga likaanza kujifunga chini. Likajifunga mpaka nusu. Juu likabaki wazi.

Nililijua umbo lile. Nilikuwa nimeliona siku ya jaribio la kwanza, lile tumbo la mlevi, na nilijua kwamba kule juu kitu hakizunguki. Aliendelea kuvuta. Upepo ukaingia katika ile nusu ya juu, juu kabisa ya mlingoti, mahali ambapo una nguvu kuliko kote, na boti ikalala. Haikurudi. Mlingoti ukapiga maji, na lile zambarau likatandaa juu ya ziwa likawafunika.

Watu wa mitumbwi walikwenda, Mungu awabariki, katikati ya ile mvua. Paulin walimkuta amekumbatia upande wa boti. Alexis walimkuta chini ya tanga. Alikuwa amelikunja na kulisukuma kutafuta mahali pa kutokea, na halikupasuka popote, wala mshono mmoja haukuachia. Mimi nililishona. Nimeshasema mshono wangu haufumuki.

Kesho yake waliivuta boti mpaka nchi kavu. Nilikwenda mwenyewe, ingawa wanawake wa shirika letu la parokia walinikataza, wakisema mjane hatembei ovyo. Mlingoti ulikuwa umelala kwenye majani. Nikaufuata mpaka ncha, nikakiona kile émerillon. Juu yake kulikuwa na pini, chini yake kulikuwa na pini, na waya mmoja, umebanwa vizuri, ncha zake zimekunjwa ndani zisimkwaruze mtu, ulikuwa umepita katika pini zote mbili. Kipande cha juu na kipande cha chini vilikuwa vimefungwa pamoja. Nilijaribu kuzungusha kwa vidole. Kilikuwa kimetulia kama msumari ukutani.

Nilikaa pale kwenye majani. Nilichukia kila mtu. Nilimchukia mzee, nilimchukia Alexis kwa kutoangalia kazi ya baba yake, kwa sababu nani anakagua kazi ya baba yake? Halafu ile chuki ikanikauka mdomoni. Nilimfikiria mzee alivyokuwa ameinama, akilitaja jina la mwanawe. Nikakifungua kile chuma kwenye kamba na tanga, waya wake nikauacha ulivyo, nikakificha chini ya kitenge changu. Nilikata shauri asijue kamwe. Alikuwa amezika mke, sasa anazika mtoto. Ilitosha.

Sikumhesabu Paulin.

Kilio kilikuwa uani kwetu, Bel-Air. Bashi iliyotandwa niliishona mimi mwenyewe. Wanawake walikuwa wamekaa chini, wanaume kwenye viti, wa shirika wanaimba, na Paulin anazunguka kutoka kiti mpaka kiti na hadithi yake. Sikuisikia kwanza. Niliona tu kwamba watu wanamkwepa mzee. Sahani ya bukari, ugali wetu, inapita mbele yake na hakuna anayekaa naye kula. Dada zake waliotoka Likasi hawakumsalimia kwa mkono. Vijana wa mtaa, wale ambao kwenye kila kilio cha kijana lazima wamtafute mzee aliyemla kwa uchawi, walianza kukaa karibu na lango wakinywa pombe na kumtazama. Niliambiwa maneno yenyewe na jirani yangu Lydie, jikoni, kwa kunong'ona, kwamba Paulin amemwona baba yake akifunga kitu na kumwita Alexis kwa jina, na ndiyo maana Alexis amekufa.

Nilimwita Paulin kando. Nilimwambia ile ni desturi ya watu wa mgodi, kila mtu nyumbani anaijua. Akaniuliza mbona basi hakutaja jina lake yeye. Nilimkumbusha kwamba yeye aliruka ndani dakika ya mwisho, mzee hakujua kama anakwenda. Alinitazama kama mtu aliyetiwa mchanga masikioni. Nadhani Paulin hakuwa mwovu. Alikuwa ametoka hai chini ya lile tanga na kaka yake hakutoka, na alihitaji mtu wa kulipa. Lakini nilimwambia angekuwa mwanaume angefunga mdomo wake, na hapo nikaharibu.

Siku ya mazishi, asubuhi, jeneza lilikuwa limeletwa kutoka hospitali na kuwekwa chini ya bashi. Vijana hawakuimba. Walikuwa wameingia uani wengi kuliko viti, na wengine walishika mawe, bila kuyaficha. Katika mtaa wa pili mwaka jana walimchomea nyumba mama mmoja kwa maneno machache kuliko haya. Tulilijua jambo hilo sote, na mzee alilijua. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya jeneza, kofia magotini.

Paulin akasimama. Alimwonyeshea baba yake kidole, kitu ambacho mtoto wa kwetu hafanyi.

“Nilimusikia na masikio yangu miye mwenyewe. Alikuwa anafunga fil, waya ile, anataja jina ya yaya Alexis. Yangu hakuitaja. Njo maana miye niko muzima na yaya anakufwa. Akatale sasa, mbele ya bantu.”

Wakamgeukia mzee wote. Angesema hapana, nadhani wazee wenzake wangepata pa kushikilia, wangeita padri, wangesogeza siku mbele. Lakini Papa Godefroid hajui kusema uongo, na hili ni kosa kubwa mahali tunapoishi.

“Nilitaja,” akasema. “Ku puits tulikuwa natajaka jina ya muntu mwenye kupita chini. Nilitaja Alexis.”

Neno mulozi, mchawi, lilitoka kwenye lango, si kwa kelele, likarudiwa na mwingine, na mwingine. Mtu alipiga kiti teke. Kijana mmoja akamshika mzee kola ya shati lake jeupe la kanisani, na mzee hakuuondoa mkono ule. Dada zake waliinamisha vichwa. Watu wazima waliokuwa uani, watu wa kwaya, watu wa ofisini, walikuwa wakiangalia viatu vyao.

Nilikuwa nimekaa chini, kichwani pa jeneza, na kile chuma kilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nikikinyamazia, watampiga mpaka afe, kwa jambo ambalo hakulifanya. Nikikitoa, ataishi, na atajua. Sikuwa na njia ya tatu. Niliitafuta, naapa niliitafuta, kwa muda wote ambao ule mkono ulikuwa kwenye kola. Nikapiga moyo konde, nikasimama.

“Mumuache,” nikasema. “Paulin, kuya hapa. Weye ulikuwa mu boti. Wakati yaya yako alivuta, tanga ilijifunga chini, na juu ilibakia wazi. Ni kweli ao hapana?”

Aliangalia jeneza. Nikamuuliza tena, na akasema ni kweli.

“Hii njo ilikuwa kule juu. Ilipashwa kuzunguka. Jaribu.”

Nikampa. Alijaribu kuzungusha kwa mkono mmoja, kisha kwa yote miwili, na kila mtu aliona kwamba hakizunguki. Nikawaeleza, kwa sauti kubwa, kama ninavyomweleza mteja mgumu, kipande cha juu, kipande cha chini, pini mbili na waya mmoja. Niliwaambia hakuna aliyekula mtu. Ni kazi ya mgodini iliyofanywa ziwani, kwa upendo, na mtu ambaye macho yake yamechoka. Nikawaambia kama wanataka kumpiga mtu, tanga lililomfunika nililishona mimi, waanze na mimi.

Uso wa Paulin ulivunjika. Alikuwa pale, aliuona uzi ukivutwa, na sasa alikuwa amekishika mkononi kile kilichokataa. Akakaa chini kwenye udongo na suti yake. Kijana aliyeshika kola akaiachia, akajifuta mkono kwenye suruali. Wale wa langoni walinung'unika, wamevunjika moyo kama watu walionyimwa kitu, lakini hawakuwa na neno tena. Mwenyekiti wa shirika akaanza kusali, na watu wakamfuata, kwa aibu.

“Mama Tracy,” mzee akasema. “Lete.”

Nilitaka Paulin akitupe. Nilitaka ardhi ikimeze. Paulin akampa baba yake.

Papa Godefroid alikisogeza karibu na macho. Aliupitisha waya ule chini ya kidole gumba, kutoka pini ya juu mpaka pini ya chini, akafika pale ncha zilipokunjwa ndani. Alizipapasa zile ncha kwa muda mrefu. Kila fundi anaujua mkono wake. Akatoa koleo mfukoni, koleo lake hilohilo, alikuwa amelibeba hata kwenye mazishi, akaukata waya, na kipande cha chini kikazunguka chenyewe, bila sauti, kikazunguka tena.

“Ingekuwa haina fil,” akaniuliza, “tanga ingejifunga?”

Watu wengi wameniambia baadaye kwamba hapo ningedanganya. Ningesema labda, ningesema Mungu ndiye anajua. Wao hawakuwa wanatazamwa na yale macho.

“Ingejifunga, Papa.”

Akatikisa kichwa kukubali. Alikiweka kile chuma juu ya jeneza, taratibu kisije kikakwaruza mbao.

“Ungebaachia tu banipige, mwanangu,” akasema. “Bulozi, nilikuwa najua haiko yangu. Hii iko yangu.”

Nilipiga magoti nikamshika mikono. Nilimwambia maneno yote ambayo mtu anaweza kusema, kwamba Alexis alimpenda, kwamba Alexis mwenyewe angemsamehe kabla hajaombwa, kwamba Tracy anamhitaji babu. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyonisikiliza siku zote. Paulin alitambaa akaja akaweka kichwa kwenye magoti ya baba yake akilia, na mzee akamgusa nywele, mara moja, akaondoa mkono.

Kisha akainuka. Wiki nzima alikuwa akiinuliwa na watu wawili, lakini alisimama mwenyewe, akavaa kofia, na akaanza kutembea kuelekea langoni, kwa vijana. Walikuwa bado na mawe mikononi, hawajui wayaweke wapi. Walimpisha, wakajibana huku na huku, akapita katikati yao. Alipita polepole sana. Alipofika langoni alisimama kabisa, amewapa mgongo, mikono imelegea ubavuni, akangoja.

Hakuna aliyerusha.